Nguvu za Nyuma ya Paja

Mara nyingi katika mpira wa miguu huonekana mchezaji akikimbia mbio, wala hakuna aliyemgusa. Mara husimama ghafula, akashika nyuma ya paja na kukunja uso kwa maumivu. Msuli wake umechanika. Kwa mtu apataye riziki yake kwa mpira hasara hiyo si ndogo. Huenda akakaa majuma mengi bila kucheza, na msuli uliokwisha kuchanika mara moja ni mwepesi wa kuchanika tena.

Sababu yake ni hii. Nyuma ya paja mna misuli mitatu ishukayo toka nyonga hata chini ya goti. Kazi yake ni kukunja goti na kulivuta paja nyuma. Mtu akimbiapo kwa nguvu, mguu hurushwa mbele kwa kasi. Na kabla wayo haujakanyaga chini, misuli hiyo sharti iuzuie mguu, hali yenyewe inanyoshwa. Yafanana na kamba imzuiayo ng'ombe katika mtelemko: ikiwa dhaifu, hukatika.

Basi, wenye elimu ya mwili waliona kwamba msuli huo hauna budi kuzoezwa kushika huku ukinyoka. Mchezaji hupiga magoti juu ya kitu laini, na mwenzake humshika vifundo vya miguu visiinuke. Kisha, mwili ukiwa umenyoka toka magoti hata kichwa, huinamia mbele polepole, akijizuia kwa nguvu za mapaja. Akishindwa, hujipokea kwa mikono, akajisukuma na kurudi alipoanza.

Huko Denmark zoezi hili lilijaribiwa katika timu 50 zenye wachezaji 942, na habari zake zilitangazwa mwaka 2011. Timu za upande mmoja zililifanya kwa majuma 10. Juma la kwanza ilikuwa siku moja tu, mara 5, na baada ya kupumzika mara 5 tena. Kisha likaongezwa kidogo kidogo hata siku 3 kwa juma. Baada ya majuma hayo walilifanya siku moja kila juma. Timu za upande wa pili, ambao wachezaji wake walikaribia kuwa sawa kwa idadi, zilishika mazoezi yao ya desturi. Upande wa pili misuli ilichanika mara 52. Upande wa kwanza mara 15 tu.

Hata hivyo, mwaka 2015 ilitangazwa kwamba timu nyingi za Ligi ya Mabingwa wa Ulaya hazikulifuata zoezi hili kwa ukamilifu. Nalo halitaki chombo wala fedha, ila mwenzi wa kushika miguu na moyo wa kudumu. Siku za kwanza mapaja huuma, na aongezaye kwa pupa huumia zaidi. Tena aachaye kabisa, nguvu alizozipata hupungua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.