Kuiweka reli ya Ubundu mezani

Reli inayotoka Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto hapa Kisangani, hadi Ubundu ina urefu wa kilomita 125. Kampuni ya CFL ya Baron Empain iliijenga kati ya 1903 na 1906, kwa jasho la watu walioshurutishwa, ili mizigo iyakwepe maporomoko saba ya Boyoma ambayo meli haziwezi kuyapanda. Anayetaka kuitengeneza kwa skeli ya 1 kwa 87, iitwayo H0, inayopendwa kuliko zote na watengenezaji wa reli za modeli, atahitaji meza ya mita 1,437. Kwa hiyo mchoraji huanza kwa kukata: kipi kibaki, kipi kiachwe.

Kukata huko naiachia penseli, si kompyuta. Programu ya kupangia reli ukiifungua inakukabidhi ghala la vipande, kona na minyoofu, na anayeanza huviunga mpaka treni izunguke bila kukoma. Reli ya Ubundu haizunguki. Ina ncha mbili, na kila ncha ina bandari: ilijengwa ili mzigo uliopanda mto kutoka Kinshasa ushushwe Kisangani, upakiwe kwenye mabehewa, ushushwe tena Ubundu na kuendelea kwa maji hadi Kindu. Chora basi gati, ghala, stesheni, njia ya kupishania, kisha mishale ya kuonyesha behewa linatoka wapi kwenda wapi. Ukiona mshale unaomlazimu dereva kurudi nyuma mara tatu, futa. Hapo bado hujahitaji kipimo hata kimoja.

Vipimo vikianza, mkono huanza kudanganya. Hudanganya hasa kwenye pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Tuseme pointi yako ina sentimita 20. Kwenye mchoro wa 1 kwa 10 inapaswa kuchukua sentimita 2, lakini mkono, kwa hamu ya kuingiza njia ya tatu, huichora kwa sentimita 1 na jicho halilalamiki. Stesheni ya njia tatu inataka pointi mbili kila upande. Hizo ni sentimita 80 kabla hujapata mahali pa kusimamisha behewa. Tena Lubunga ni mwisho wa njia: injini lazima iachane na mabehewa, iyapite pembeni na kuyashika kwa nyuma, hivyo mbele ya pointi za mwisho pabaki nafasi ya kuitosha. Michoro mingi mizuri ya karatasi hufia hapo.

Programu haikubali udanganyifu huo. Pointi ni ya urefu uleule aliouweka mtengenezaji, na reli isipokutana na mwenzake unaliona pengo. XTrackCAD hutolewa bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaiweka haidai intaneti. AnyRail ni nyepesi kujifunza, ila ni ya Windows tu, na toleo la bure linaishia vipande 50. Reli yetu ina upana wa mita moja, sawa na ile ya Rhätische Bahn ya milima ya Uswisi. Kwa H0 upana huo unakuwa milimita 12, unaoitwa H0m, na kwa kuwa Wazungu wengi hutengeneza modeli za treni hizo za Uswisi, vipande vyake vimo tayari katika maktaba za programu.

Kabla ya kompyuta, Mmarekani John Armstrong alikuwa ameutia mkono adabu. Katika kitabu chake cha 1963 alifundisha kukigawa chumba kwa miraba. Ubavu wa mraba ni nusukipenyo cha kona kali kuliko zote, ukijumlisha mara mbili nafasi kati ya njia na njia. Nusukipenyo kikiwa sentimita 40 na nafasi sentimita 5, mraba una sentimita 50, na chumba cha mita 3.6 kwa 2.8 kina miraba 7.2 kwa 5.6. Unajua papo hapo kama treni itageuka, umeme uwepo usiwepo. Kwangu hiyo ndiyo mbinu bora ya karatasi.

Kwenye mwinamo kompyuta huushinda mkono kabisa, kwa kuwa inakupigia hesabu ya kila sentimita ya kupanda. Ila kwetu faida hiyo ni ndogo: maporomoko yote saba yanashuka karibu mita 60 tu katika zaidi ya kilomita 100. Jenga tambarare.

Linabaki suala la kuuhamishia mchoro ubaoni. Programu huchapisha kwa ukubwa halisi, lakini ubao wa mita 2.4 kwa sentimita 60 unakula karatasi 27 za A4 kabla ya kuhesabu pembezoni, na ukizigundisha kwa kupinda, reli nayo inapinda. Mimi huchukua vipimo vya pointi tu kutoka kwenye skrini, nikavihamishia kwenye karatasi ya mifuko ya saruji iliyotandazwa ubaoni. Kona nazichora kwa ufito wa mwanzi: ukiubana ncha zote mbili na kuusukuma katikati, unaanza kupinda polepole kabla ya kukaza, jinsi reli halisi inavyoingia kwenye kona. Programu nayo inaweza kuichora kona ya namna hiyo, mradi ujue pa kubonyeza.