Sura ya Sita: "Mwisho Ngapi?"

Tuseme una nyumba Chanika, pale Handeni Mjini. Ina vyumba vitatu na sebule, imejengwa kwa tofali za kuchoma, imeezekwa bati la msauzi, ina umeme wa LUKU na tanki la kukingia maji ya mvua uani. Umeitangaza kwa milioni 40. Kufika jioni simu imeshaita mara kadhaa, na wengi wameanza na swali lile lile: "Mwisho ngapi?" Hakuna aliyeuliza ukubwa wa kiwanja wala hati. Mmoja ametaja milioni 18 na kukata simu. Mwingine alidhani ni Chanika ya Ilala, Dar es Salaam, akaudhika alipojua kuwa kuifikia nyumba yako ni mpaka Mkata kwanza, kisha aiache barabara kuu na kuingia Handeni. Usiku unapanda kitandani ukijihisi umetukanwa.

Hapo ndipo wauzaji wengi wanapoharibu. Hasira inawafanya wawaweke kapu moja watu wawili tofauti kabisa: mwenye bei ya chini na asiye na nia ya kununua. Katika miji kama Handeni na Korogwe, mtu anayetaja bei ya chini mara nyingi ndiye mwenye fedha taslimu mkononi, na anayekubali milioni 40 bila kubisha huwa hana hata nauli ya kuja kuiona nyumba. Anakubali kwa sababu kukubali hakumgharimu kitu. Ukitaka kujua nia ya mtu, tazama amefanya nini tangu mlipoongea. Je, amepanda bodaboda akaja? Ameuliza mipaka? Amerudi mara ya pili na mkewe, au na fundi wa kukagua kenchi na nyufa?

Wasio na nia nao wana aina zao, na si wote ni watu wabaya. Yupo jirani anayepima upepo, kwa kuwa yeye mwenyewe anafikiria kuuza yake. Yupo dalali anayejifanya mnunuzi ili ajue utashuka mpaka wapi, kisha aongeze cha juu chake na kuitangaza nyumba yako kama yake. Yupo ndugu aliye mjini, mwenye ndoto ya kweli ya kurudi nyumbani, lakini fedha yake haijazaliwa. Na yupo mkulima mwenye nia thabiti ambaye mahindi yake bado yako shambani. Huyu wa mwisho usimpoteze. Handeni ni nchi ya mahindi, machungwa na minada ya ng'ombe, na fedha huingia kwa misimu. "Baada ya mavuno" inaweza kuwa ahadi ya kweli kabisa, ila haitoshi kukufanya usimamishe mauzo.

Maneno ya tangazo lako ndiyo yanayoita wageni wako. Andika "Chanika, Handeni, mkoa wa Tanga" ili wanaotafuta Dar es Salaam wasikusumbue. Taja ukubwa wa kiwanja, aina ya umiliki na habari ya maji, maana shida ya maji ya Handeni inajulikana na kila mnunuzi wa kweli ataiulizia. Kisha ufute ile kauli tuliyoizoea mno: "maongezi yapo". Naipinga kauli hiyo kwa moyo wangu wote. Ukiandika milioni 40 na kuongeza maongezi yapo, umeiua milioni 40 kabla hata hujasalimiwa. Kwamba bei ya nyumba huongeleka kila mtu anajua. Haina haja ya kutangazwa. Mbaya zaidi ni "mwenyewe ana shida". Tangazo la namna hiyo linawaita wanaonunua shida, na hao wana subira kubwa kuliko yako.

Anayeuliza mwisho ngapi kwa simu ajibiwe kwa upole, na jibu liwe moja kila siku: "Bei ni milioni 40. Karibu uione, tutaongea ukiwa umeingia ndani." Usishuke hata shilingi kwa mtu ambaye hajaiona nyumba. Ukimshukia kwenye simu, atakapofika mlangoni ataanzia pale ulipoishia, na sasa atakuwa na nyufa za kukuonyesha.

Lakini milioni 40 yenyewe ilitoka wapi? Wengi wetu tunajumlisha saruji, nondo, bati na ufundi, tunaongeza miaka ya kujinyima, tukapata bei. Mnunuzi haoni jasho hilo. Wanauchumi David Genesove na Christopher Mayer walichunguza soko la nyumba za Boston, Marekani, katika miaka ya 1990, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2001. Waliona kwamba wamiliki waliokabiliwa na kuuza chini ya bei waliyonunulia walitangaza bei za juu kuliko wenzao, na nyumba zao zikakaa sokoni muda mrefu zaidi. Uchungu wa hasara ulikuwa umeingia ndani ya bei. Ndivyo ilivyo kwa aliyejenga Chanika kwa gharama kubwa kuliko mtaa unavyoweza kulipa: kila atakayetaja bei ya kweli ataonekana mhuni.

Bei zilizouziwa nyumba za Chanika huzioni zimebandikwa popote. Itakubidi uulize waliouza karibuni, na mafundi, na mashahidi walioandikishana kwenye ofisi ya mtaa. Kama nyumba ni ya thamani kubwa kwako, mlipe mthamini aliyesajiliwa. Kazi yao ina sheria yake tangu mwaka 2016, na taarifa iliyotiwa saini inakupa jambo la kuweka mezani badala ya hasira. Ukishapata picha, andika namba mbili kwenye karatasi ambayo mgeni hataiona: bei unayotangaza, na bei ambayo chini yake huuzi. Namba ya pili ipatikane ukiwa umetulia, kabla ya mnunuzi wa kwanza. Gregory Northcraft na Margaret Neale walionyesha mwaka 1987, huko Tucson, Arizona, kwamba hata mawakala wazoefu wa nyumba, baada ya kuikagua nyumba, makadirio yao yalivutwa na bei waliyoonyeshwa kwanza, na wengi wao hawakukiri kwamba imewaathiri. Milioni 18 ya yule aliyekata simu inafanya kazi hiyo hiyo kichwani mwako. Usipokuwa na namba yako, utaanza kuiona milioni 25 kuwa ni ukarimu.

Sasa mnunuzi amekuja. Amekusalimu vizuri, "Shikamoo mzee," amezunguka uani, amegonga ukuta, amekaa. "Mzee wangu, mimi nina milioni 22." Usicheke, usinune, usimwambie akanunue banda la kuku. Mwulize, "Umefikaje hapo, mwanangu?" Swali hili linachuja kuliko maneno yote. Asiye na nia hana hesabu. Atasema tu hali ngumu. Mwenye nia ataanza kuhesabu: hakuna hati, kuna barua ya toleo tu, choo kinahitaji kujengwa upya, gari haifiki mlangoni wakati wa masika. Hesabu zake zinaweza kuwa za haki. Kubali ile ya kweli na uitoe kwenye bei, kataa ile ya uongo, na umwambie sababu.

Tahadhari na kugawana katikati. Anayetaja 20 kwenye nyumba ya 40 anajua kuwa mtu wa tatu, kwa nia njema, atasema "basi kutaneni kwenye 30". Bei yake ya kweli ilikuwa 30 tangu alipoondoka nyumbani. Ukishuka, shuka kwa hatua zinazopungua, 40, kisha 38, kisha 37 na nusu, na kila hatua upate kitu: alipe yote kwa mkupuo, au gharama za uhamisho ziwe juu yake. Kodi ya TRA na ushuru wa stempu zizungumzwe mapema, kila moja na mlipaji wake. Bei ambayo haijasema nani analipa kodi bado haijakamilika, na wajanja huiacha hivyo makusudi.

Mji mdogo una tatizo lake. Kama una mgonjwa hospitali ya Bombo au mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, mnunuzi ameshasikia kabla hajabisha hodi, naye atakaa kimya wiki nzima akingoja uhangaike. Kama unaweza, muweke ndugu mtulivu azungumze kwa niaba yako, naye awe na mpaka: chini ya hapo sina ruhusa, nitamwuliza mwenyewe. Na kama hiyo ndiyo nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inataka mwenzi wako aridhie. "Mpaka nikae na mama watoto" ni kauli ya kweli kisheria, na inakupa usiku mmoja wa kufikiri. Ila ukae naye kweli, tena kabla ya kutangaza. Nyumba ambayo warithi au wanandoa hawajaafikiana huwakimbiza wanunuzi makini na kuwabakiza wababaishaji.

Mkikubaliana bei, kipimo cha mwisho cha nia ni kishika uchumba, yaani fedha ya awali. Bila hicho, endelea kuonyesha nyumba, na umwambie hivyo waziwazi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuuza haki ya ardhi uwe wa maandishi au uwe na kumbukumbu iliyoandikwa na kusainiwa, ndipo uweze kudaiwa. Kwa hiyo muandike: kiasi kilichotolewa, kilichobaki, tarehe ya mwisho, na fedha hiyo itakuwaje mmoja akigeuka.

Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa Waislamu wa Tanga. Madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa pwani wanayafuata, hayakubali muuzaji abaki na kishika uchumba hicho, yaani arubuni, mauzo yakivunjika. Imamu Ahmad bin Hanbal aliruhusu, akitegemea habari ya Nafi bin Abdul-Harith aliyenunua nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka ili iwe gereza, kwa sharti kwamba Khalifa Umar asiporidhia, Safwan apate mia nne. Mwaka 1993 baraza la kimataifa la wanazuoni wa fikihi liliruhusu arubuni yenye muda maalumu. Wauzaji wengine hurudisha yote, wengine hukata gharama tu. Chagueni, lakini mchague kabla fedha haijashikwa.

Ukishapokea kishika uchumba, funga mlango kwa wengine mpaka tarehe ipite. Mnunuzi naye ana hofu: amesikia za nyumba moja kuuzwa kwa watu watatu. Mwonyeshe karatasi za asili, usimwachie. Ufunguo na hati visitoke kwa mali kauli, na ujumbe wa muamala kwenye simu yake si fedha mpaka benki yako iseme.

Kuna anayesubiri siku ya kuandikishana, mashahidi wameshakaa, mtendaji ameshika muhuri, ndipo aseme amepungukiwa milioni 3. Anategemea aibu yako. Mjibu kwa sauti ya kawaida kwamba bei ni ile iliyoandikwa, kwamba tarehe haijapita, na kwamba utamsubiri mpaka siku hiyo. Kisha waombe radhi mashahidi na uondoke.

Muda wote huu uwe na daftari: nani alikuja, lini, alitaja ngapi, alitoa sababu gani. Watu kadhaa wasiojuana, walioingia ndani wote, wakikomea kwenye milioni 33, hiyo ndiyo bei ya mtaa kwa sasa, na uamuzi ni wako kuipokea au kungoja. Ukingoja, weka alama kwenye majina ya waliotoa sababu. Mwezi wa Agosti, mahindi ya masika yakishauzwa, wapigie wewe.