N3 ya Kijapani: Sikio Ndilo Linaloangusha Wengi

Japani si ngeni kabisa Ukambani. Kati ya 2012 na 2017 shirika la JICA la Japani lilishirikiana na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, kuzalisha miti ya mukau inayostahimili ukame, na mashamba ya mbegu yako Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Ila kijana wa huko anayetaka cheti cha lugha ya Kijapani mara nyingi hujisomea kwa simu, peke yake, na mtihani akaufuate Nairobi. Kwa kawaida mtihani huo, JLPT, hufanyika huko Jumapili ya kwanza ya Desemba.

Ngazi ni tano: N5 ndiyo ya chini, N1 ya juu kabisa. N3 iliongezwa 2010, mfumo ulipobadilishwa, ili kuziba pengo kubwa lililokuwa katikati ya ngazi nne za zamani. Anayetaka kibali cha kazi cha “ujuzi maalumu”, kilichoanzishwa na Japani 2019, anaweza kuingilia kwa N4. N3 ni hatua inayofuata: uelewe mazungumzo ya kawaida yakisemwa kwa kasi inayokaribia ya kila siku.

Tuanze na alama, maana hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Jumla ni 180, na kufaulu ni 95. Alama hizo zimegawanywa sehemu tatu za 60 kila moja: msamiati na sarufi, kusoma, kusikiliza. Ukipata chini ya 19 katika sehemu yoyote umeanguka, hata jumla yako ikiwa 120. Kwa hiyo mtu aliyekariri kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, usiku na mchana bila kusikiliza chochote anajichimbia shimo. Kanji zenyewe walimu hukadiria kuwa kama 650 kwa ngazi hii. Ni makadirio tu, kwani tangu 2010 waandaaji hawatoi orodha rasmi, na anayekuuzia “orodha kamili ya N3” anakuuzia ubashiri wake.

Kusikiliza huchukua dakika 40, na kila mazungumzo hupigwa mara moja tu. Yapo maswali ambayo hata majibu hayakuandikwa kwenye karatasi: unasikia sentensi moja, kisha majibu matatu, unachagua, na swali linalofuata limeshaanza. Mtego wa kawaida ni msemaji kubadili nia. Mwanamke anasema wakutane Jumamosi, mwenzake anakubali, kisha linaingia neno “yappari”, yaani amefikiri upya, na siku inakuwa Jumapili. Aliyekimbilia jibu la kwanza ameshapotea.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana mtaji asioujua. Sisi tunatofautisha kukata na kukataa, kufa na kufaa, bila kufikiri. Kikamba nacho hutofautisha irabu fupi na ndefu. Kijapani hufanya vivyo hivyo: “biru” ni jengo, “biiru” ni bia, “obasan” ni shangazi, “obaasan” ni nyanya. Konsonanti pia hurefushwa: “oto” ni sauti, “otto” ni mume. Nimeona wanafunzi wanaosema vizuri kabisa wakiandika irabu zote fupi kwa uvivu, na uvivu huo huwarudia kwenye karatasi ya msamiati. Neno la kanji lenye maana ya anwani huwekewa majibu manne: jusho, juusho, jushou, juushou. La pili ndilo sahihi. Ukilijua neno kwa macho tu, bila kuwahi kulisikia, utabahatisha.

Sarufi nayo haitishi kama inavyosimuliwa. Tuna kula, kulisha, kulishwa. Wao wana taberu, tabesaseru, tabesaserareru, viambishi vikipangana nyuma ya mzizi kama vyetu. Tofauti ni kwamba umbo lao la mwisho hubeba maana ya kulazimishwa: mtu kalishwa asichotaka. Kinachochosha kweli ni kitenzi kukaa mwisho wa sentensi, kwani katika kifungu kirefu unasoma mistari mitatu ndipo ujue nani kafanya nini. Sarufi na kusoma vimepewa dakika 70 kwa pamoja, na wengi humaliza muda vifungu virefu vikiwa havijaguswa.

Vifaa vipo, na vya bure. Tovuti rasmi ya JLPT ina mitihani ya mazoezi pamoja na sauti zake. Pakua mahali penye mtandao mzuri, usikilize nyumbani bila kuchoma bando. Masomo ya Kijapani ya NHK kwa Kiswahili ni mazuri, ila ni ya wanaoanza. Kwa N3 soma habari zilizoandikwa kwa Kijapani chepesi, moja kila siku, kwa sauti. Ningemshauri mtu atumie nusu ya muda wake kusikiliza, na karatasi kamili aifanye saa ikiwa mezani.

Safari usiipuuze. Mtu wa Emali au Kibwezi ana treni, wa Kitui atategemea matatu, na wote wawili walale Nairobi Jumamosi. Anayekosa hata kipindi kimoja cha mtihani hahesabiwi kufaulu, na usajili hufungwa mapema kabla ya Desemba.

Jambo la mwisho ni jipya. Kuanzia mtihani wa Desemba 2025, karatasi ya matokeo inaonyesha pia kiwango cha lugha kwa mizani ya Ulaya (CEFR). Katika N3, alama 95 hadi 103 ni A2, na 104 kwenda juu ni B1. Usilenge 95, lenga 104.