Bawa Moja Lapita Lingine

Siku moja kijana wa jirani hapa Bunia alileta uani kwetu ndege yake ya mabua na karto. Alifunga kamba ya nailoni kwenye ncha ya bawa la kushoto, akaizungusha. Nikaona bawa hilo linapita la kuume vidole viwili. Nikachukua kisu: "Mwanangu, kazi gani hii? Mabawa yawe sawasawa!" Nikakata. Ndege ikaanguka upande wa kamba, pua ikavunjika. Kijana akasema polepole: "Pasta, ilikuwa inaangukaka vile mbele. Njo maana niliongeza."

Alisema kweli. Kwenye machimbo tumezoea mizani: pande mbili sawa ndiyo haki. Lakini ndege ya kamba inazunguka.

Katika nchi nyingi watu wazima hurusha ndege za namna hii zenye motere ndogo. Mrushaji anasimama katikati akishika nyaya mbili; kwa hizo anaipandisha na kuishusha. Kwa kawaida bawa la kushoto ndilo la ndani. Tuseme nyaya ni metre 18 na mabawa yote mawili ni metre 1.40. Bawa la nje linapita njia ndefu zaidi kwa wakati uleule, basi linakimbia zaidi. Tukipiga hesabu, upepo unaliinua karibu asilimia 8 kuliko la ndani. Tena uzito wa nyaya unavuta la ndani chini. Ndege ikilalia ndani, nyaya zinalegea, na mrushaji hana tena uwezo juu yake.

Dawa ni mbili: kurefusha bawa la ndani santimetre chache, na kutia uzito mdogo kwenye ncha ya bawa la nje. Mafundi wengine huacha mabawa sawa na kutumia uzito tu. Jaribu ndege ikiruka usawa wa macho. Ukiona mgongo wake, ongeza uzito. Ukiona tumbo lake, punguza.

Vijana, kwa uzito huo tumieni msumari au sarafu. Msiyeyushe risasi ya betri ya motokari: moshi na vumbi lake ni sumu, inaharibu akili za watoto. Na msirushe karibu na nyaya za umeme.

Hata ndugu Wright wa Marekani, walioruka kwa motere tarehe 17 Desemba 1903, walifanya bawa la kuume kupita la kushoto karibu santimetre 10, kwa sababu motere iliyokaa upande huo ilikuwa nzito kuliko mrushaji.

Nilimwomba kijana msamaha, tukaunganisha bawa pamoja kwa gundi na kijiti. Wazazi, kabla ya kukata kazi ya mtoto, tumwulize kwanza alipima nini.