Kwa Kompyuta ya Gemu, Kipozaji cha Dola 20 Kinatosha

Soma boksi za vipozaji vya prosesa dukani: hiki kimeandikwa wati 180, kile 220, cha pembeni 260. Namba hizo ni za mtengenezaji mwenyewe. Hakuna kipimo kimoja ambacho kampuni zote zimekubali kukitumia, na boksi halisemi kama wati hizo zilipimwa kwenye chumba chenye joto gani, feni ikiwa kwenye kasi gani, wala prosesa yenyewe iliishia nyuzi ngapi. Kwa hiyo mtu anayeongeza pesa ili apate 260 badala ya 220 huenda ananunua wino tu.

Kuna maswali mawili yenye faida zaidi. Prosesa yako inatoa joto kiasi gani ukiwa kwenye gemu? Na hewa ya chumba unachochezea ina nyuzi ngapi?

Tuanze na prosesa. Umeme karibu wote unaoingia kwenye chipu hutoka ukiwa joto, kwa hiyo wati zinazoliwa ndizo wati za kupoza. Ryzen 5 5600, ambayo vijana wengi wanaijengea kompyuta kwa sababu ya bei yake, imeandikwa wati 65, na kwa mipangilio ya kiwandani hula hadi 76 hivi ikibanwa kweli kweli. Core i5-12400F ya Intel nayo imeandikwa 65, lakini kilele chake rasmi ni wati 117. Ukipanda hadi Core i9-14900K unakutana na wati 253, na hapo mjadala wa bei nafuu umekwisha.

Lakini hivyo ni vilele. Gemu mara chache huibana prosesa kiasi hicho, kwa sababu kazi nzito ya kuchora picha inafanywa na kadi ya michoro, na viini vya prosesa hupeana zamu za kufanya kazi na kusubiri. Ryzen 7 7800X3D, prosesa inayosifiwa sana na wachezaji, imeandikwa wati 120, ila kwenye gemu mara nyingi hubaki chini ya 80. Wanaokuonyesha nyuzi 95 kwenye video wamewasha programu kama Cinebench au Prime95, ambazo huvitumikisha viini vyote kwa wakati mmoja bila kupumzika. Anayehariri video kutwa nzima na ayafuatilie majaribio hayo. Mchezaji wa mpira wa kwenye skrini au wa gemu za bunduki asitishwe nayo.

Sasa chumba, ambacho ndicho kinachosahaulika zaidi. Kipozaji hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la chipu na kulimwaga kwenye hewa, na hakiwezi kuishusha chipu chini ya joto la hewa hiyo hata kingegharimu mshahara wa mwezi. Kinachotofautisha kizuri na kibaya ni pengo kati ya hewa na chipu: kwa mzigo uleule, kimoja kitaiacha chipu nyuzi 40 juu ya hewa ya chumba, kingine nyuzi 55. Pengo hilo halibadiliki sana ukikihamisha kipozaji kutoka nchi moja hadi nyingine. Kinachobadilika ni sakafu inayoanzia.

Majaribio mengi tunayosoma yamefanyika Ulaya na Marekani, kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 23. Mwezi wa Februari mchana, hewa ya Dar es Salaam hufika nyuzi 32, na chumba cha ghorofa ya juu chenye bati na mlango uliofungwa huwa kibaya zaidi. Ongeza nyuzi 10 kwenye kila namba unayoiona, basi. Prosesa iliyopimwa nyuzi 68 kwao, kwako tarajia 78. Msomaji wa Nairobi au Mbeya usiku atakaribia namba za Wazungu bila jasho, lakini wa Mombasa, Tanga na Zanzibar ahesabu hivyo mwaka karibu wote.

Je, 78 ni hatari? Hapana. Chipu ina ukomo wake uliowekwa na mtengenezaji: Ryzen 5 5600 ni nyuzi 90, Ryzen 5 7600 ni 95, na i5-12400F ni 100. Ikifika hapo haiungui. Inapunguza mwendo wenyewe ili joto lishuke, na wewe unaliona hilo kama gemu inayokwama-kwama. AMD imesema wazi kwamba prosesa zake za Ryzen 7000 zimeundwa ziweze kukaa kwenye 95 zikipewa kazi nzito. Mimi kwenye gemu huridhika na chochote kilicho chini ya 85 mchana wa joto. Kukimbilia 60 ukiwa pwani ni kununua namba ya kuwaonyesha marafiki.

Kinachofanya kazi ndani ya kipozaji ni mirija ya shaba, na ni vizuri uielewe maana ndiyo unayoilipia. Kila mrija umezibwa pande zote, umeondolewa hewa, na una maji kidogo sana ndani. Upande unaogusa prosesa ukipata moto, maji huwa mvuke. Mvuke hupanda hadi kwenye mapezi ya alumini yanayopigwa na feni, hupoa na kurudi kuwa maji, kama mvuke wa wali unavyogeuka matone kwenye mfuniko. Maji hayo hunyonywa na utando wa ndani ya mrija na kurudi chini, na mzunguko unaanza upya. Hakuna pampu, hakuna mota, hakuna cha kuharibika isipokuwa feni, ambayo unaibadilisha kwa skrubu au vibanio viwili.

Kipozaji kinachokuja bure na 5600, Wraith Stealth, hakina mirija hiyo. Ni bonge la alumini lenye feni juu. Kinatosha kuiendesha prosesa hiyo kwenye gemu, ila kwenye joto la pwani feni yake italazimika kukimbia na utaisikia hata ukivaa hedifoni za bei ndogo. Kama umenunua chipu kwenye boksi na pesa imekwisha, kitumie mwaka mzima bila wasiwasi na uongeze fedha kwenye kadi ya michoro. Wengi hapa, hata hivyo, hununua chipu tupu isiyo na boksi kwa kuwa ni rahisi zaidi, na hao ndio wanaohitaji kipozaji tangu siku ya kwanza.

Hapo soko limewahurumia maskini. Miaka kumi na kitu iliyopita jibu la kila fundi lilikuwa Cooler Master Hyper 212. Leo Thermalright Assassin X 120 SE, chenye mnara mmoja wa mapezi, mirija minne na feni ya milimita 120, huuzwa nje kwa karibu dola 20. Deepcool AK400 na ID-Cooling SE-214-XT ni vya ukoo huohuo, na ukikikuta kimojawapo dukani kwa bei nzuri, usizunguke mji mzima kutafuta kingine. Kwa karibu dola 35 kuna Peerless Assassin 120 SE: minara miwili, mirija sita, feni mbili. Hicho hupishana nyuzi chache tu na Noctua NH-D15, ambayo bei yake inavuka dola 100. Gharama ya usafiri na ushuru huongezeka juu ya bei hizo, na kwa kuwa boksi ni kubwa kuliko uzito wake, uliza mapema msafirishaji anatoza kwa kilo au kwa ujazo.

Kabla ya kulipa, chukua tepu. Mnara wa Assassin X 120 SE una kimo cha milimita 148, Peerless 120 SE una 155, na NH-D15 ina 165. Kila kasha lina kimo cha mwisho linachoruhusu, na kimeandikwa kwenye maelezo yake. Makasha membamba huishia 150 au chini ya hapo, na kioo cha pembeni hakipindi kwa maombi. Tazama pia soketi. Intel ilipohamia LGA 1700 mwishoni mwa 2021, matundu ya kufungia yalitoka milimita 75 hadi 78, hivyo kipozaji cha mtumba cha prosesa za kizazi cha 10 hakiingii kwenye ubao wa 12400F bila vyuma vyake vipya. Upande wa AMD kuna ahueni: AM4 na AM5 zina nafasi zilezile za matundu.

Kundi moja linastahili onyo la peke yake: wale wanaonunua kompyuta za ofisi zilizotumika, Dell OptiPlex na ndugu zake, kisha wakapachika kadi ya michoro. Ni njia nzuri ya kuanza, na nyingi zimejengwa hivyo. Lakini kipozaji cha mashine hizo mara nyingi kimefungwa kwa mtindo wa kampuni yenyewe, skrubu zikishika chuma cha kasha, na plagi ya feni haifanani na ya kawaida. Ukikiondoa na kuweka cha dukani, kompyuta inaweza kuwaka na kulalamika kila asubuhi kwamba feni imekufa, ikisubiri ubonyeze kitufe ndipo iendelee. Kwenye mashine kama hiyo, ondoa vumbi, badilisha pesti ya joto, na uishie hapo.

Kufunga kipozaji ni kazi ya nusu saa, na makosa yake ni yaleyale. Chini ya bamba la shaba hubandikwa nailoni nyembamba inayong'aa, wakati mwingine yenye maandishi mekundu ya kukutaka uibandue. Mafundi wanaletewa kompyuta zinazochemka hadi nyuzi 95 bila kucheza chochote, na wakifungua wanaikuta nailoni hiyo ipo, na pesti imepakwa juu yake. Ibandue. Weka tone la pesti la milimita nne au tano katikati ya prosesa. Mgandamizo wa skrubu utalisambaza. Kaza skrubu kwa kupokezana, mizunguko michache huku na michache kule, mpaka zigome zenyewe. Ukimaliza ukaking'oa kipozaji kwa haraka ili uone pesti ilivyotandaa, unapaswa kupaka upya.

Kwenye AM4 kuna mtego mmoja zaidi. Pini za prosesa hizo ziko kwenye chipu yenyewe, na pesti iliyozeeka hugandisha kama gundi. Ukivuta kipozaji juu kwa nguvu, chipu hutoka nacho ilhali wenzo wa soketi bado umefungwa, na pini zikipinda utakaa na sindano na darubini ukizinyoosha moja moja. Washa kompyuta kwanza, cheza dakika kumi ili pesti ilainike, zima na chomoa waya, kisha zungusha kipozaji kushoto na kulia mpaka kilegee.

Kuhusu vipozaji vya maji sitasema mengi. Vinapendeza kwenye kioo, na kwa prosesa ya wati 253 vina hoja. Lakini vina pampu inayochakaa, maji yake hupungua taratibu kupitia mipira kwa miaka, na mwisho wa safari joto linamwagwa kwenye hewa ileile ya chumba. Cha bei ya chini kabisa mara nyingi hakiushindi mnara wa dola 35. Kwa 5600 au 12400F, ni mapambo.

Kuna nyuzi nyingine za bure ambazo watu hawazichukui. Kama skrini yako ni ya herzi 60, funga gemu kwenye fremu 60. Prosesa inayolazimishwa kutoa fremu 140 usizoziona inachoma umeme bure. Ndani ya BIOS za AMD kuna Eco Mode, na kwenye bodi nyingi za Intel unaweza kushusha kikomo cha wati. Gemu hupoteza fremu kidogo sana, joto linashuka kwa kiasi cha kuonekana. Halafu vumbi. Kwa Dodoma au kandokando ya barabara isiyo na lami, mapezi huziba ndani ya miezi michache, na mnara wa mirija sita uliozibwa ni mbaya kuliko wa minne ulio safi. Puliza kwa blowa kila baada ya miezi mitatu, ukiishika feni kwa kidole isizunguke.

Na kasha lisilopitisha hewa hulifanya chaguo lote kuwa bure, kwa sababu kadi ya michoro ya wati 150 au 200 inamwaga joto lake humo humo na kipozaji kinavuta hewa hiyo. Jaribio lake ni jepesi: fungua programu ya HWiNFO, cheza nusu saa, andika nyuzi, kisha ondoa ubavu wa kasha na ucheze nusu saa nyingine. Namba ikishuka kwa nyuzi nane au kumi, tatizo ni kasha, na kipozaji kikubwa hakitalitatua.

Kwa prosesa ya wati 65, nunua mnara mmoja wa mirija minne na feni mbili za kuingiza hewa mbele ya kasha. Ukiwa na prosesa ya viini vingi zaidi au unahariri video pembeni ya gemu, panda hadi minara miwili. Zaidi ya hapo, peleka pesa kwenye kadi ya michoro.