Nyumba Inayosomwa kwa Penseli na Kadibodi

Ukiitazama pichani, Villa Savoye ni sanduku jeupe lililoinuliwa juu ya nguzo nyembamba, katikati ya uwanja wa majani. Dirisha refu limelizunguka pande zote, na juu ya paa zinaonekana kuta zilizopinda. Ni mojawapo ya nyumba zilizopigwa picha mno katika karne ya 20, na kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba wanaijua. Mwanafunzi wa usanifu majengo anayepewa kazi ya kuichora upya, mstari kwa mstari, hugundua mapema kwamba picha zilimwambia machache sana.

Nyumba hiyo iko Poissy, mji ulio kilomita 30 hivi kutoka Paris, nchini Ufaransa. Aliibuni Le Corbusier, ambaye wazazi wake walimwita Charles-Édouard Jeanneret, akishirikiana na binamu yake Pierre Jeanneret. Ilijengwa kati ya mwaka 1928 na 1931 kwa ajili ya Pierre na Eugénie Savoye, mume na mke waliotaka mahali pa kupumzikia nje ya jiji.

Kwa nini kijana wa leo akeshe akichora nyumba ambayo michoro yake imekwisha kuchapishwa vitabuni? Kwa sababu anayechora hulazimika kuamua. Penseli haiwezi kupita juu ya kona bila kujua kona hiyo iko umbali gani kutoka kwenye nguzo. Jicho hupita, mkono husimama. Na kila mkono unaposimama, mwanafunzi anakutana na jambo ambalo msanifu mwenyewe alilazimika kulitolea uamuzi.

Kazi huanza na ramani ya sakafu. Katika skeli ya 1:100, sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba. Mwanafunzi huweka kwanza nguzo, ambazo zimepangwa kwa nafasi za mita 4.75. Kila upande una nguzo tano, yaani nafasi nne, jumla mita 19. Hapo ndipo mshangao wa kwanza unapotokea. Vitabu na wageni husema nyumba hii ni mraba, lakini rula inakataa. Kwenye pande mbili, sakafu ya juu inatokeza mita 1.25 nje ya mstari wa nguzo, na kwenye pande nyingine mbili haitokezi. Kwa hiyo upande mmoja una mita 19 na mwingine mita 21.5. Nyumba inayoonekana kufanana pande zote ina mwelekeo: ina mbele na nyuma, na ina ubavu.

Mshangao wa pili ni mkubwa zaidi. Nafasi nne zikipangwa sawasawa, nguzo ya tatu inaangukia katikati kabisa, mahali palepale ambapo mlango na njia ya kupandia vinatakiwa kupita. Mtu angetazamia msanifu abadilishe hesabu, aweke nafasi tatu au tano. Le Corbusier hakufanya hivyo. Aliziachanisha nguzo za katikati ili njia ipite kati yake, na ndani ya nyumba akazisogeza nguzo nyingine kila chumba kilipodai nafasi. Mpangilio ambao kwa nje unaonekana kufuata sheria kali, ndani umejaa maafikiano. Mwandishi huyu anaona hapo ndipo penye utamu wa jengo lote, na ni jambo ambalo picha hulificha.

Ramani hukata nyumba kwa mlalo. Mchoro wa mkato huikata kwa wima, kutoka paani hadi ardhini, na katika Villa Savoye mkato muhimu ni ule unaopita kwenye njia ya mteremko. Njia hiyo inaanza karibu na mlango, inapanda hadi ghorofa ya kuishi, kisha inatoka nje na kuendelea mpaka kwenye bustani ya paa. Kando yake kuna ngazi ya kujizungusha kwa mwenye haraka. Kwenye ramani, mteremko ni mistari miwili na mshale tu. Kwenye mkato unaonekana jinsi unavyokula nafasi: unapita katikati ya nyumba nzima, unachukua mita nyingi za mraba ambazo zingetosha chumba, na kazi yake ni kumfanya mtu apande polepole huku akitazama. Msanifu aliuona mwendo huo kuwa wa thamani kuliko chumba.

Gari nalo lilipewa heshima. Sehemu ya chini, yenye gereji, chumba cha kufulia na vyumba vya watumishi, imerudishwa ndani, na ukuta wake wa vioo umepinda. Mpindo huo unafuata kona ambayo gari la wakati ule lilihitaji ili kugeuka. Gari linapita chini ya nyumba, linawashusha watu mlangoni, kisha linaingia gereji. Mwanafunzi akichora mpindo kwa kukisia, gari halitapita.

Baada ya michoro huja modeli. Katika skeli ya 1:50 nyumba nzima inakaa kwenye ubao wa sentimita 43 kwa 38, bila kuhesabu uwanja. Kadibodi nyeupe, gundi, kisu chenye makali na vijiti vya mbao vinatosha. Modeli nzuri ya kujifunzia hutengenezwa kwa vipande vinavyoinuliwa: paa linatoka, ghorofa ya kuishi inatoka, chini inabaki.

Mwanafunzi akishaipeleka modeli juani au kuimulika kwa taa, anaona kitu ambacho ramani ilikitaja bila kukieleza. Dirisha refu linalozunguka nyumba si dirisha kila mahali. Linapofika kwenye baraza la ghorofa ya kuishi, vioo vinakoma lakini uwazi unaendelea kwa kimo kilekile. Mtu aliye nje hawezi kujua ni wapi pana chumba na ni wapi pana hewa tupu. Baraza hilo ndilo linaloingiza mwanga katikati ya nyumba, na sebule imefunguliwa kulielekea kwa ukuta mkubwa wa kioo. Mkato mmoja hauwezi kuonyesha hayo yote, lakini modeli inayozungushwa mkononi inaweza. Si ajabu kwamba mwaka 1932 jumba la sanaa za kisasa la MoMA, mjini New York, lilipotaka kuwaonyesha Wamarekani usanifu mpya, liliweka modeli ya nyumba hii kwenye maonyesho.

Kuta zilizopinda za paani zinahitaji kazi ya aina nyingine: kuchora nyumba ambayo haikujengwa. Katika usanifu wa kwanza wa mwaka 1928, vyumba vya wenye nyumba vilikuwa juu kabisa. Gharama ilizidi, msanifu akajaribu mipango mingine, na mwishowe vyumba hivyo vikashushwa hadi ghorofa ya kuishi. Kuta zilizopinda zikabaki kukinga upepo kwa wanaoota jua. Michoro ya hatua hizo ikiwekwa sambamba, kinachoonekana kuwa pambo kinakuwa na historia.

Njia hii ya kusoma nyumba kwa kuichora imewahi kuzaa mambo makubwa. Mwaka 1947 Colin Rowe, kijana Mwingereza aliyekuwa amesoma chini ya mwanahistoria Rudolf Wittkower, alichapisha makala akilinganisha nyumba mbili: Villa Foscari ya Andrea Palladio, iliyojengwa karibu na Venice katika karne ya 16, na Villa Stein ya Le Corbusier huko Garches. Zinatofautiana karne nne na hazifanani hata kidogo kwa sura. Rowe alizivua mapambo, akabakiza mistari ya mpangilio, na kuonyesha kwamba upana wa zote mbili umegawanywa kwa mfuatano uleule wa 2:1:2:1:2. Kwa Palladio mistari hiyo ni kuta nzito zinazobeba nyumba. Kwa Le Corbusier ni nguzo, na kuta ziko huru kwenda zitakako. Makala hiyo bado inasomeshwa.

Si kila nyumba inakubali kusomwa kwa mpangilio uleule. Miaka ileile, kati ya 1928 na 1930, Adolf Loos alikuwa Prague akijenga Villa Müller, ambako kila chumba kina kimo chake na sakafu zinapishana kwa ngazi chache chache. Kuna chumba cha mwanamke wa nyumba chenye dirisha dogo la ndani linalotazama sebule kutoka juu. Anayeanza na ramani hapo hupotea. Inafaa aanze na modeli, akikata kila chumba kama kipande chake na kuvipandanisha.

Lakini kadibodi hainyeshewi mvua. Villa Savoye halisi ilivuja tangu mapema. Bi Savoye alimwandikia msanifu barua za malalamiko, na mwaka 1937 alidai nyumba ifanywe ikalike bila kuchelewa. Familia iliondoka mwaka 1940. Wakati wa vita wakaitumia Wajerumani, kisha Wamarekani. Mwaka 1958 mji wa Poissy uliitwaa ili kujenga shule, na kelele za wasanifu kutoka nchi mbalimbali zikaizuia isibomolewe. Mwaka 1965 ilitangazwa kuwa jengo la kihistoria, na mwaka 2016 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na kazi nyingine 16 za Le Corbusier.

Kwa hiyo mwalimu makini hudai mchoro mmoja zaidi, katika skeli ya 1:5: kona ambapo paa bapa linakutana na ukuta. Maji yanaenda wapi? Lipu inaishia wapi? Ule weupe mororo unaodhaniwa kuwa zege tupu ni matofali yaliyojazwa kati ya nguzo na bimu za zege, yakapigwa lipu na kupakwa rangi, na kila mahali vitu hivyo vinapokutana panaweza kupasuka.

Asiye na muda wa nyumba nzima anaweza kuanza langoni. Pale Le Corbusier alijenga kijumba cha mtunza bustani, nacho kimeinuliwa juu ya nguzo na kupakwa rangi nyeupe. Wageni wengi hukipita wakiukimbilia umaarufu wa nyumba kubwa. Kwa skeli ya 1:20 kinakaa mezani bila shida, kuta zake na ngazi yake zikiwa na ukubwa wa kutosha kukatwa kwa unene wao wa kweli.