Borland: Jina jipya, mshindani yule yule

Mwezi Aprili 1998 kampuni ya programu za kompyuta ya Borland, ya Scotts Valley, California, ilibadili jina na kujiita Inprise. Haikupita miaka 3 ikalirudia jina la zamani, Januari 2001. Katika kipindi hicho wenye hisa waligawanyika pande mbili, kila upande ukiwa na hoja nzito. Matokeo yake ni somo kwa mwekezaji yeyote mdogo anayepokea barua kwamba kampuni yake itaanza kuitwa jina jingine.

Borland ilianza biashara mwaka 1983 ikiongozwa na Bw. Philippe Kahn, Mfaransa aliyehamia Marekani. Bidhaa iliyoitambulisha ni Turbo Pascal, programu inayotumiwa kuandikia programu nyingine. Iliuzwa dola 49.95 wakati bidhaa za aina hiyo zilikuwa zikiuzwa kwa mamia ya dola. Faida ilitokana na bei ndogo na wateja wengi, na wateja wenyewe walikuwa mafundi wa programu walionunua mmoja mmoja.

Matatizo yalikuja kampuni ilipotaka kupambana na wakubwa katika kila soko. Mwaka 1991 iliinunua Ashton-Tate, watengenezaji wa dBASE, kwa hisa zenye thamani ya takriban dola milioni 440. Wakati huo huo wanunuzi walikuwa wakihamia kwenye Windows ya Microsoft, na mwaka uliofuata Microsoft ikaleta Access, bidhaa yake yenyewe ya kutunzia kumbukumbu. Mwaka 1994 Borland ililazimika kuiuzia Novell programu yake ya mahesabu, Quattro Pro, kwa dola milioni 145. Januari 1995 Bw. Kahn aliacha kiti cha mtendaji mkuu.

Mwaka huo huo kampuni ilitoa Delphi, zana iliyopendwa sana na mafundi. Lakini mwaka 1996 mbunifu wake mkuu, Bw. Anders Hejlsberg, alihamia Microsoft, ambako baadaye aliongoza kazi ya kubuni lugha ya C#. Mwaka 1997 Borland ilikwenda mahakamani ikidai kuwa Microsoft imewachukua wafanyakazi wake 34 katika muda wa miezi 30. Kesi hiyo ilimalizwa nje ya mahakama, lakini watu waliokwisha kuondoka hawakurudi.

KWA NINI JINA LILIBADILISHWA

Mtendaji mkuu mpya, Bw. Delbert Yocam, aliyewahi kuwa kiongozi wa ngazi ya juu katika Apple, aliona kuwa kuuza zana kwa fundi mmoja mmoja hakulipi tena. Badala yake alitaka mikataba ya fedha nyingi na makampuni makubwa. Mwanzoni mwa 1998 Borland ilikamilisha ununuzi wa Visigenic, kampuni iliyotengeneza VisiBroker, programu ya kuunganisha mifumo ya kompyuta iliyo mbalimbali ndani ya shirika moja. Miezi michache baadaye likatangazwa jina Inprise, lenye maana ya kuunganisha shughuli za shirika zima.

Kwa lugha ya sokoni, Borland ilikuwa muuza randa na misumeno kwa maseremala. Inprise ilitaka kuwa mkandarasi wa kujenga jumba.

WALIOUNGA MKONO NA WALIOPINGA

Wawekezaji waliounga mkono walikuwa na hoja mbili. Kwanza, jina Borland lilikuwa limefungamana na hasara na vita vya kushindwa dhidi ya Microsoft, kwa hiyo mkurugenzi wa benki au wa bima asingeliamini kwa mfumo wa mamilioni ya dola. Pili, mkataba mmoja na shirika kubwa huleta mapato ya matengenezo kila mwaka, tofauti na kasha la programu linalouzwa mara moja.

Waliopinga walitazama mizania kwa jicho jingine. Kwao sifa ya jina ilikuwa sehemu ya mtaji, ingawa haihesabiki kama majengo na fedha za benki. Fundi aliyejifunzia kazi yake kwa Turbo Pascal alilijua jina Borland, na ndiye aliyemshauri bosi wake anunue nini. Aidha, katika soko la mashirika makubwa kampuni hiyo ilikuwa mgeni. Huko ilikuta IBM na BEA Systems, zenye wauzaji wengi na wateja waliokwisha kuzizoea.

Kampuni yenyewe ilionyesha kusitasita. Jina Borland liliendelea kubandikwa kwenye zana za mafundi, na baadaye matangazo yake yakatumia majina yote mawili kwa pamoja. Mteja hakujua anunue kutoka kwa nani.

FEDHA ZA MSHINDANI

Machi 1999 Bw. Yocam aliondoka, na Bw. Dale Fuller akashika uongozi. Juni mwaka huo msaada ulitoka mahali ambapo wengi hawakutarajia. Microsoft iliilipa Inprise dola milioni 100 kwa ajili ya haki za kutumia hataza na kumaliza madai kati yao, na ikawekeza dola milioni 25 katika hisa za upendeleo. Kampuni ilipata pumzi, lakini pumzi hiyo haikutokana na jina jipya. Ilitokana na hataza, yaani kazi iliyofanywa miaka ya nyuma.

Mtihani mkubwa kwa wenye hisa ulifika Februari 2000. Corel ya Kanada, watengenezaji wa CorelDRAW na wamiliki wa WordPerfect, ilikubaliana kuungana na Inprise. Kila hisa ya Inprise ingebadilishwa kwa 0.747 ya hisa ya Corel. Kwa hiyo mwenye hisa 1,000 angepata 747 za Corel, na siku ya tangazo hesabu hiyo ilipendeza, kwani mpango mzima ulithaminiwa zaidi ya dola bilioni 1. Lakini kiwango kilikuwa kimefungwa huku bei ya Corel ikiporomoka na kampuni hiyo ikikaribia kuishiwa fedha. Baadhi ya wenye hisa wa Inprise walipinga waziwazi, wakisema kampuni yao yenye fedha taslimu inatolewa kuokoa nyingine. Mei 2000 mpango ulivunjwa. Safari hiyo waliohesabu hisa zao waliona mbali kuliko waliolitazama tangazo.

Jina Borland liliporudi Januari 2001, mafundi wengi walifurahi. Hata hivyo ushindani haukungoja. Mwishoni mwa mwaka huo Eclipse, zana iliyoanzia IBM, ilianza kutolewa bure, na JBuilder ya Borland ikawa inauzwa katika soko ambalo jirani hatozi kitu. Mwaka 2006 kampuni ilitangaza kuwa itaachana na zana hizo, na mwaka 2008 ziliuzwa kwa Embarcadero kwa fedha isiyofikia dola milioni 30. Mwaka 2009 Micro Focus ya Uingereza iliinunua Borland yenyewe kwa dola 1.50 kwa hisa. Aliyebaki na hisa zake 1,000 hadi siku hiyo alipokea dola 1,500.

LA KUZINGATIA

Mwekezaji anayesikia habari ya jina jipya ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kununua au kuuza. Je, mteja anayelipa leo ataendelea kulipa kesho? Je, watu wanaotengeneza bidhaa bado wapo, au wameshachukuliwa na mshindani? Na je, mshindani anaweza kuuza kitu hicho hicho kwa bei ya chini, au kukitoa bure?

Kwa Borland majibu ya maswali hayo yalikuwa mabaya kabla ya Aprili 1998, na hayakubadilika kuwa mazuri baada ya Januari 2001. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Turbo Pascal ilijiuza yenyewe kwa dola 49.95, Inprise ilihitaji kueleza kwanza jina lake lina maana gani.